Bonge la Chumvi Juu ya Mafiga

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, chumvi ilikuwa adimu sana hapa Songea. Marehemu mama alinifundisha kulifunga bonge la chumvi kwa kamba, kulichovya mara tatu chunguni, kisha kulitundika tena juu ya moshi. Bonge moja lilitutosha miezi. Hata leo nikisikia harufu ya maharage, namwona mama akihesabu: moja, mbili, tatu.

Alipofariki nilibaki peke yangu na kamba zake. Bonge la sabuni nalo nililitundika palepale lisilowe, na moshi ukayapaka mabonge yote mawili masizi yaleyale.

Nikaposa binti wa Namtumbo. Baba yake na shangazi yake wakaja kuona kama naweza kutunza nyumba. Nilipika mwenyewe, na kwa majivuno nikawaonyesha nisivyopoteza kitu: nikashusha kamba, nikachovya mara tatu, na kwa heshima yao nikaongeza ya nne. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa dini, nikafumba macho nikasali kwa kirefu, nikimshukuru Mungu kwa neema ya chumvi.

“Mwalimu,” shangazi akanikatiza, “sema amina upesi. Maharage yako yanatoa povu.”

Nikafumbua macho. Povu lilikuwa limefurika hadi kwenye mafiga. Baba mkwe akaishika kamba, akanusa lile bonge, akalisogeza puani mwangu.

“Kaka,” shangazi akamwambia, akijifuta machozi ya kicheko, “mpe huyu mke haraka, kabla hajalifua tumbo lake.”