Tundu la Makuti na Maua ya Mbweni

Kazi ya kitalu niliipata kwa kuuliza maswali. Nilikuwa napita zangu barabara ya Kilwa, pale Mtoni, nikamwona mama mmoja anajaza udongo kwenye viriba, ile mifuko midogo myeusi ya plastiki ya kuoteshea miche. Nikamwuliza kwa nini mifuko imetobolewa chini. Akanijibu. Nikauliza jingine, na jingine. La nne hakulijibu, alinisukumia koleo.

"Uliza huku unajaza."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimeuza mitumba Tandika, nimebeba zege Kinondoni, na nimekaa miezi mitatu kwa fundi redio aliyenifukuza kwa sababu kila redio niliyopewa kufuta vumbi niliifungua nione ndani mna nini. Mama yule naye alikuwa ameangushwa na nyakati kwa namna yake. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilipunguza watu, yeye akiwa wa kwanza kwenye orodha. Alikaanga vitumbua mwaka mzima hadi moshi ukamharibu macho, kisha akaona magari ya watu wanaojenga kule Mbweni, upande wa pili wa jiji, yakipita kutoka viwandani na milango, mabati na masinki, hayana hata ua moja. Akaanzisha kitalu.

Miche yake ilisifika. Alikuwa amekifunika kitalu chote kwa makuti mazito, tukimwagilia asubuhi na jioni, na maua yakatoka mapana, laini, ya kijani kinachong'aa. Watu walifunga breki wakiyaona. Palikuwa na tundu moja tu kwenye makuti, upande wa choo, ambalo aliniambia nilizibe tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa nalizibaga kwa mdomo: "Kesho, Mama."

Siku moja akaja mzee mmoja mstaafu na pikapu. Alikuwa anamwoza binti yake baada ya miezi miwili, sherehe ifanyike uani kwake Mbweni, na alitaka krotoni mia mbili, yale maua ya majani ya rangi rangi, kuzunguka uwanja wote. Akachukua arobaini kwanza, ayaone yanavyokaa.

Aliporudi baada ya siku nane hakuzima hata gari.

"Shikamoo, Mzee," nikamsalimu.

"Marahaba. Mwite mama yako." Mama alipofika, akamwonyesha jani lililopauka, jeupe kama limechovywa kwenye chokaa. "Mama, umeniuzia maua au karatasi?"

"Mlimwagilia, Baba?"

"Nimemwagilia mpaka kisima kinanichukia! Sasa sikiliza. Nakupa nafasi moja. Yakiwa hivi tena, natafuta mtu mwingine, na wenzangu wote wa kule nitawaambia."

Pikapu ilipoondoka Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbweni ndiyo ilikuwa soko lake lote. "Hii ikiharibika nafunga," alisema. "Narudi kwenye vitumbua." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilimwomba aniache niende nikaone. Uwanja wa yule mzee ulikuwa mchanga mtupu, na ukuta umepakwa chokaa nyeupe iliyorudisha mwanga usoni kama kioo. Maua thelathini na saba yalikuwa yamepauka na kukauka kingo. Lakini matatu yalikuwa mazima, yamesimama katikati ya wenzao kama watu waliofika msibani bila taarifa. Nilichuchumaa nikayatazama vizuri. Yalikuwa na michirizi myekundu kwenye majani, na hapo nikayatambua. Yalitoka mstari wa choo. Yalitoka chini ya tundu ambalo sikuliziba.

Katika nyumba niliyopanga chumba, alikuwemo pia kijana wa Bukoba, fundi wa maabara katika kituo kimoja cha utafiti wa mazao. Jumapili, alipotoka kanisani, alinikuta mlangoni kwake na jani jeupe mkononi.

"Braza, hata chai sijanywa."

"Kunywa. Mie nitaongea."

Alicheka, akanivutia kigoda. Aliniambia kila jani limejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, seli, na ndani ya seli kuna majiko ya kijani yanayopika chakula kwa mwanga. Mwanga ndio kuni. Ukichochea kuni nyingi kuliko chakula kilichopo jikoni, moto unaruka nje ya mafiga. Cheche zake ni oksijeni, hii hii tunayovuta, ila imeshachokozwa, inauma kila inachokigusa: mafuta ya kuta za seli, rangi ya kijani, kila kitu. Jani likizidiwa, linapauka.

"Kwa hiyo jua limelichoma."

"Jua limechochea tu. Jani limeungulia ndani, kwa moto wake lenyewe."

"Na yale matatu?"

Aliingia ndani akatoka na kichupa cha ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda, inayotoa povu. Alisema dawa ile, peroksaidi, ni ndugu wa zile cheche, na mmea huitengeneza wenyewe ndani ya seli kila siku ya jua. Akanituma kitaluni. Nikaleta majani mawili, moja la kivulini na moja la mstari wa tundu. Tukayatwanga kila moja peke yake, tukayatia kwenye glasi mbili, akamimina dawa sawasawa. La kivulini lilitoa povu la uvivu. La tundu lilichemka hadi likafura, likapanda, likamwagika kwenye kitambaa cha meza.

Tulishangilia kama watu wa mpira. Mama mwenye nyumba alitoka kuuliza nani kafunga.

"Hao ndio wazima moto," akasema yule fundi akifuta meza. Kwenye seli kuna vimeng'enya, vitu vidogo vinavyoikamata peroksaidi na kuigeuza maji na hewa, na hewa ndiyo lile povu. Jani la tundu lilikuwa nao wengi kwa sababu lilikuwa linaonja jua kidogo kila siku. Hapo ndipo aliponimaliza kabisa: cheche zikiwa chache, mmea hauzioni adui tu. Unazipokea kama taarifa. Peroksaidi kidogo inatembea kutoka seli hadi seli ikisema moto unakuja, na seli zinaongeza wazima moto, zinatengeneza hata rangi nyekundu ya kujikinga. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba kuna walinzi ndani ya seli wanaobadilika umbo cheche zikiwagusa, na wengine huingia hadi chumba cha katikati, yalipotunzwa maagizo ya mmea, kuamsha yale yanayohitajika. Siku ile nilijua nusu tu, na nusu hiyo ilinitosha nikimbie hadi Mtoni.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo uvivu wako wa kuziba tundu sasa ni elimu."

"Mama, tupunguze makuti. Polepole."

"Nitoe miche yangu juani? Hiyo iliyobaki nayo ife mbele ya macho yangu?"

Nikamfanyia povu. Akatazama, akasema kwamba hata sabuni inatoa povu. Nikaeleza cheche, nikaeleza wazima moto, nikachora seli mchangani, akaikanyaga akipita na ndoo. Nilikaribia kukata tamaa, hadi nilipomwambia kwamba miche hii haijawahi kuliona jua tangu ilipochipua, halafu siku moja tu inapakiwa kwenye gari, inashushwa Mbweni saa sita mchana.

Akaweka ndoo chini.

"Kama mwali," alisema.

Yeye ni Mzaramo, na katika usichana wake aliwekwa ndani miezi mingi, kama ilivyokuwa desturi, bila kuonekana na watu wala kukanyaga jua, hadi siku ya kutolewa kwa ngoma. Aliniambia somo wake, mwanamke aliyempa mafunzo, alikuwa na huruma. Wiki za mwisho alimsogeza mlangoni asubuhi na mapema, dakika chache, siku ya pili zaidi kidogo, macho na ngozi vizoee. Mwenzake wa nyumba ya pili hakusogezwa. Siku ya ngoma alitolewa mchana kweupe, akaanguka mbele ya wapigaji.

"Watu walisema ana mashetani," Mama alisema. "Kumbe hakuwa na mashetani. Alikuwa na somo mjinga." Akayatazama makuti, kisha akanitazama. "Panda juu. Toa moja. Nimesema moja!"

Tulitoa kuti moja kila baada ya siku mbili. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Majani ya chini yalipata madoa, na kila doa Mama alinionyesha kwa kidole. Kisha yakaja majani mapya. Yalikuwa madogo, magumu, na yalipofunguka yalikuwa na njano, na zambarau, na wekundu ambao hatujawahi kuuona kitaluni kwetu. Wiki ya tano paa lote la kitalu cha krotoni lilikuwa wazi; kitalu cha pili, cha miche midogo, tulikiacha kivulini. Mama akawa anazunguka kati ya mistari akiyasemesha: "Eeh, jua lenyewe ndiyo hili, mlikuwa mnaogopa nini?"

Yule mzee akaja. Akashuka, akatembea mstari wa kwanza, akasimama.

"Siyo haya."

"Ndiyo yenyewe, Baba."

"Mama, mie mtu mzima. Nilichagua maua ya kijani, mapana, yananing'inia. Haya mekundu, mafupi, majani yamekakamaa kama ngozi ya kiatu. Umeyauza yangu kwa mwingine!"

Hatukuwa tumelifikiria hilo hata mara moja. Wote wawili tulikuwa tumeyatazama yakibadilika kila siku, hatukukumbuka kwamba yeye hajayaona. Nilifungua mdomo nianze habari za seli. Mama akanikanyaga mguu.

"Baba, yale ya kijani ulishayachukua. Yako wapi?"

Mzee akageuka kuitazama pikapu yake.

"Chukua haya, yapande leo, mchanga ule ule, ukuta ule ule. Siku nane. Yakipauka, usinirudishie, yachome moto, na kitalu changu uje ukichome hapo hapo."

"Mama!" nikasema.

"Nyamaza wewe, fundi wa povu."

Alipakia yote, akiguna. Zile siku nane nilibeba maji ambayo hakuna aliyeniagiza. Siku ya tisa pikapu ilisimama tena, na safari hii mzee alizima injini. Alimwendea Mama moja kwa moja, akamwambia hakuna hata moja lililokufa, na kwamba bibi harusi anataka kupigiwa picha mbele ya yale mekundu kabisa. Kisha, akionekana kuona aibu kidogo, akatoa karatasi. Ilikuwa na majina ya majirani zake watatu na idadi ya miche waliyotaka.

Mama aliisoma taratibu kwa macho yake yale yaliyoharibiwa na moshi, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Waambie wasubiri wiki tano," alisema. "Hii mingine bado haijatoka nje."

Mzee hakuelewa, lakini aliitikia. Mie nilikuwa nimepanga kuondoka mwezi ule. Kuna mtu wa Kinondoni alikuwa ananiita kwenye kazi ya mafriji, na nilikuwa na hamu kubwa ya kujua ubaridi unatoka wapi. Badala yake nikachukua ngazi, nikapanda juu ya kitalu cha pili, nikaanza kutafuta kuti la kutoa kwanza.