Hospitali ya Magunzi

Nilipomfananisha naibu wa mwalimu mkuu na bata mzinga aliyefunga tai, mwalimu wa Kiswahili aliniambia nimebakiwa na nafasi moja tu katika gazeti la ukutani la shule. Akanipa safu ya mwandishi mmoja anayesimulia watoto wakijenga kwa matofali ya plastiki ya kuchezea. "Jifunze kwake," akasema.

Kwetu Khayega matofali hayo hatuna, ila magunzi ya mahindi ni tele. Nikaandika kuhusu jengo la dada yangu mdogo, nikaliita choo cha kuku. Nilipomsomea, alinuna.

"Hiyo ni hospitali! Wewe unachekanga tu. Kwani uliniuliza?"

Nikaisoma tena ile safu. Mwandishi hakuwacheka watoto hata mara moja. Alijicheka mwenyewe, mzee mzima aliyeshindwa kusimamisha ukuta. Basi nikapiga magoti, nikajenga wodi. Ikaanguka mara tatu.

"Pole, fundi," dada akasema. "Wagonjwa wako wote wamekufa."

Nikaandika hivyo hivyo. Jumatatu mwalimu aliisoma akicheka peke yake, kisha akaniomba pini ya kuibandika ukutani.