Kuku wa Ruhusa

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa hapa Tunduma wataitia chumvi mpaka isilike, na mimi uongo siupendi. Nimezika mume, nimelea wajukuu, darasa la nne sikumaliza, na sikuwahi kuchekwa na ukumbi mzima mpaka siku ile, tena na wasomi watupu.

Vijana fulani wa Igamba walikuwa wanatengeneza filamu, wakatafuta mwanamke mkali wa kuigiza mama mkwe, na kila waliyemuuliza akawaonyesha nyumba yangu (sijui kwa nini). Nikaigiza. Nilimfokea yule mkwe wa kwenye filamu mpaka mtoto wa watu akasahau anachotakiwa kujibu. Filamu ikawekwa kwenye mtandao, na mjukuu wangu Lusekelo, anayefundisha chuo kikuu kule Mbeya, akanipigia simu.

"Bibi, shikamoo. Nataka kuwaonyesha wanafunzi ile filamu yenu. Nafundisha sheria ya hakimiliki, sasa siwezi kuonyesha kazi ya watu bila ruhusa yao. Wale vijana wamekubali, naomba na wewe uniruhusu."

"Marahaba. Nimekataa."

"Umekataa?"

"Kuku yuko wapi?"

Akacheka, akakata simu, akidhani ni utani wa bibi na mjukuu. Haukuwa utani. Kwetu ombi zito haliombwi kwa simu kama unaulizia nyanya, unakuja na kuku mkononi, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, ndipo unasema shida yako. Hayo nilimfundisha mwenyewe, leo yeye anafundisha watu kuomba ruhusa na kuomba kwenyewe hajui! Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini mama yake aliponiambia kwamba somo ni Alhamisi, nikafunga kanga kiunoni nikasema nakwenda kuizuia (na sikumpa nafasi ya kumalizia habari, kwamba siku hiyo wakubwa wa chuo wanakuja kumkagua akifundisha, wakiridhika wanampa ajira ya kudumu, wasiporidhika anafungasha virago).

Nikamchukua jirani yangu Mama Tabu awe shahidi. Filamu yenyewe alikuwa hajaiona, maana ilipoonyeshwa huku kwetu yeye alikuwa Ivuna kwa binti yake, kule wanakochemsha chumvi. Kumbukeni hilo. Mimi nililisahau.

Tunaingia ukumbini, vijana wamejaa mpaka juu, mbele wameketi wazee watatu na kalamu zao, na ukutani niko mimi, mkubwa kama nyumba, mdomo wazi, sisogei! Mtandao ulikuwa umekwama, na katikati ya paji la uso wangu kaduara kanazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wanafunzi wanacheka. Damu ikanipanda.

"Zima hiyo!"

Ukumbi ukageuka wote. Lusekelo alitoka jasho nikaliona kutoka mlangoni.

"Bibi, tafadhali, kaa kwanza."

"Sikai. Lusekelo, mume wangu, kuku yuko wapi?"

Hapo walicheka mpaka wengine wakalalia madawati. Nikaona wasomi hawa hawajanielewa, nikawaeleza kwa sauti ya kusikika kwamba maneno yote ninayosema kwenye filamu ile nimeyatunga mimi, kwa kichwa changu hiki, na hakuna wa kuyatumia bila kuniomba. Basi kumbe mtandao nao ulikuwa unanisubiri nimalize, kaduara kakapotea, na mimi wa ukutani nikaanza kumfokea mkwe: "Tangu ufike, jogoo wangu ameacha kuwika, anaogopa utajua alipo!"

"Hee!" Mama Tabu akaruka. "Si maneno yangu hayo? Si nilimwambia mkwe wangu pale bombani, na wewe ulikuwa umeshika ndoo?"

Jamani. Ndipo nikakumbuka bomba, nikakumbuka na ndoo yenyewe, ya bluu, haina mshikio.

Mzee wa katikati akavua miwani, akawauliza wanafunzi, "Haya, mwenye haki hapa ni nani?" Mikono ikanyooshwa kama mahindi shambani. Binti mmoja akasema maneno ya bombani hayakuandikwa wala kurekodiwa, kwa hiyo yana utata. Mwingine akasema hata kama maneno si ya bibi, namna alivyoyafoka ni ubunifu wake, na mwigizaji naye ana haki.

"Mmesikia?" nikadakia. "Kelele ni zangu!"

"Kelele chukua," akasema Mama Tabu. "Maneno rudisha!"

Wazee walicheka mpaka kalamu zikawaanguka. Yule wa katikati akamshika Lusekelo mkono. "Mwalimu, hawa kina mama umewaandaa vizuri sana." Mjukuu wangu, niliyemlea asiseme uongo, akajibu, "Ahsante, mzee." Ajira akapata.

Mimi nilichopata ni hiki. Wanafunzi walikuwa wameturekodi kwa simu zao (kuku wa ruhusa hiyo sijamwona mpaka leo), na kabla ya wiki kuisha hata wafanyabiashara wa upande wa Zambia wakiniona wananiita mama kwa lugha yao, "Bamayo, kelele ni zako!"

Na Mama Tabu hakunisemesha siku nne. Siku ya tano nikamkamata jogoo wangu, nikaenda kwake, nikachuchumaa na magoti yangu haya mabovu, nikapiga makofi taratibu, nikaomba ruhusa ya maneno niliyokwisha kuyatumia. Aliniacha nichuchumae mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akampokea, akamgeuzageuza.

"Mbona jogoo wako kimya?"

"Anajua umeshajua alipo."

Tukacheka, yakaisha. Lakini nimekoma, sitalishika neno la mtu bombani nikalifanya langu. Hata mkasa huu, kabla sijauandika, nilikwenda kwanza kumwomba. Akasema niandike tu, hana neno, ila safari hii anataka tetea.