Mashini ya Diski Mia Tatu

Kosa lilikuwa langu, au sehemu yake kubwa ilikuwa yangu. Muuzaji naye nitamtaja, lakini kwa haki.

Mama yangu alipokimbia Djugu na kuja kukaa kwetu Saio, alibeba sufuria moja na mfuko wa diski za video. Ndoa, ubatizo, matanga ya jamaa yote. Kwetu kila ndoa ina kikwembe chake ambacho jamaa nzima inavaa, na kipande kinachobaki mama hushonea mfuko wa diski ya siku hiyo. Hasomi. Anaijua diski kwa nguo yake.

Ile anayoipenda ni ya mahari yangu, kikwembe cha majani mabichi. Ndani yake papa, baba yangu, anasimama, anawasemesha wakwe, anacheka. Papa amekufa, na sauti yake haiko mahali pengine popote. Sasa vidole vya mama vimekauka. Kila akiingiza diski aliikwaruza, mpaka papa akaanza kukwama mdomo wazi katikati ya kicheko. Nikasema nitafute mashini ambayo diski inaingia mara moja na haishikwi tena.

Mjini muuzaji alikuwa na mbili za okazyo, zilizokwisha tumika kwa wengine, zimevuka ziwa mpaka Mahagi-Port. Moja ya diski tano, zinalala juu ya sahani inayozunguka. Nyingine ya diski mia tatu, nzito kama gunia la mihogo.

“Mama, ya tano ni ya mutu mwenye iko na ndoa moja tu. Weye uko na jamaa!”

“Na hii kubwa, inajuaje diski gani ni gani?”

“Kwa namba. Unafinya namba, inakuletea.”

“Mama yangu hasomi.”

“Anauza viazi?”

“Anauza.”

“Basi anajua kuhesabu. Atahesabu na diski.”

Jibu lilinipendeza, na kusema kweli halikuwa uongo. Nikachukua kubwa.

Mama akiwa kanisani nilizitoa diski zote mifukoni, nikazipanga ndani ya mashini, nikaandika namba kwenye kaye, daftari langu la mistari, mifuko nikaikunja vizuri ndani ya beseni. Nilijiona mwenye akili. Mama akarudi, akaangalia beseni.

“Umewavua watu nguo?”

“Mama, ni diski.”

“Papa yako iko wapi?”

“Iko namba ishirini na saba.”

“Papa yako haiko na namba.”

Nilimfundisha hata hivyo. Alifinya mbili, akatafuta saba, akachelewa, mashini ikamletea namba mbili: matanga ya mudogo wake. Akafinya tena, matanga tena. Kuran ya umeme ikakatika. Iliporudi, mashini ilikuwa imesahau yote, imerudi namba moja, watu tusiowajua vizuri wanakula keki. Mama aliweka telekomande chini. Wiki nzima hakumuulizia papa. Nilikasirika, sijui kama ni yeye niliyemkasirikia. Diski haikukwaruzwa tena, hilo nililitaka nikalipata. Na papa hakuonekana.

Nikairudisha. Muuzaji aliniona na gunia langu mlangoni.

“Ee mama! Jamaa imepunguka?”

Nilivumilia. Alinibadilishia na ile ya tano bila kugombana, na hilo niliandike pia, maana angeweza kukataa.

Sasa mama anachagua tano mwenyewe. Mifuko mitupu anailaza juu ya mashini, kwa mpango ule ule wa sahani. Kikwembe cha majani mabichi hakiondoki mahali pa kwanza, kwa sababu hii nayo kuran ikikatika inarudi kwenye moja, na moja ni papa. Wazo hilo ni lake. Mimi, mwenye kaye, sikulifikiria.

Halafu Jumapili moja nikamkuta amefungua sahani, diski mkononi, anaisukuma mfukoni kwa vidole vile vile.

“Mama! Kwa nini tena unaitoa?”

“Apumuzike. Siku sita anazunguka tu.”

Nilitaka kupiga kelele. Safari mbili za mjini, mgongo wangu, gunia, yote ili diski isiguswe! Niliketi. Nikaichukua kwa kingo zake, polepole, nikamwambia afungue mfuko.

Ndivyo tunavyofanya kila Jumapili. Mimi naitoa, yeye anashika mfuko wazi kwa mikono miwili. Papa bado anakwama pale anapocheka. Nadhani hakwami zaidi ya zamani, lakini sina hakika.