Dole Gumba la Karatasi ya Dawa

Shemeji alinikanyaga mkono juu ya gogo la kupasulia kuni. "Ni hiki? Hiki ndicho kilichouza kihamba cha kaka yangu?"

Wino wa zambarau ulikuwa bado umeshika kwenye dole gumba. "Shemeji, ile ni karatasi ya dawa," nikasema.

"Dawa gani inatiwa dole? Mwongo mkubwa we!"

Panga likashuka. Nilikiona kipande kimelala kwenye maganda ya ndizi, kuku akakikimbilia, ndipo nikalia.

Mume wangu alikuwa amekufa, kihamba kimebaki kwangu na migomba yake na kahawa, na shemeji alikitolea macho tangu siku ya matanga. Kisha mitoki ikanitoka shingoni. Niliikanda kwa maji ya chumvi mpaka ikawa kama mayai. Hospitali mjini wakakata kipande cha nyama wakapime, wakasema ni saratani ya mitoki. Wakanitundikia dripu, nywele zikaisha, mitoki ikalala. Baada ya miezi ikaamka tena.

Daktari mmoja akaniambia kuna dawa mpya wanaijaribu. "Mama, inaweza kukusaidia, inaweza isikusaidie. Ukikataa, tutaendelea kukutibu." Huyo sina ugomvi naye. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo taratibu namna ile.

Lakini mimi niliishia darasa la nne, na karatasi zile zilikuwa rundo. Nesi akasema nije na mtu ninayemwamini, asikilize wakinisomea, nikiridhika nitie dole naye asaini.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu huku juu ya Maji ya Chai dole linatiwa kwenye karatasi za ardhi tu, na shahidi wa dole ni balozi wa nyumba kumi. Mtu mwingine hakunijia kichwani. Nina dada wa tumbo moja anakaa Sakina, pale mjini, angekuja hata kwa miguu. Nikamchukua balozi.

Alikaa pale, akanywa soda yao, akasikia neno kwa neno. Tukitoka akaniambia, "Nimeelewa, mama. Jumatatu uwahi dripu yako."

Jumamosi alikuwa kilabuni, shemeji akamnunulia mbege. Kata ya pombe ilipofika mkononi akasema, "Shemeji yako katia dole mjini. Shahidi ni mimi." Akanywa. Dole la nini, hakusema. Waliokuwepo wameniambia, na wengine walicheka. Shemeji akaondoka na panga.

Jumatatu nilikuwa hospitali kweli, ila wodi nyingine. Mwili ulikuwa umekwisha, baada ya siku chache kidonda kikaoza, homa haishuki. Daktari akaja kusimama kitandani. "Mama, mwenye kidonda kama hiki hatuwezi kumwanzishia dawa ya majaribio. Ingekuua." Nilipopona mkono, nafasi zilikuwa zimejaa. Wakanirudisha kwenye dripu kali za zamani. Zimeniacha hai, na nyayo zilizokufa ganzi, hata moto siusikii. Ile mpya ingenifanya nini sitajua kamwe. Ilikuwa haki yangu kujaribu.

Polisi walisema tukamalizane kwenye ukoo. Ukoo ukakaa. Shemeji akaleta kondoo, akachinjwa, wazee wakala, wakasema yameisha. "Kula, mama, usiweke moyoni." Sikula. Aliyepewa mbavu ni balozi, na mafuta yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Shemeji ndiye aliyekata, na kila mtu anajua. Nakuuliza wewe balozi, unayegonga muhuri mpaka leo. Ulijua ni dawa. Uitishe kikao kile kile, wazee wale wale, shemeji akiwepo. Mimi nitaweka mkono huu mezani. Useme kwa nini ulinyamazia nusu ya maneno, na kama kata moja ya mbege ndiyo iliyokuwa bei yangu. Usiponijibu hapo, nitakuuliza Jumapili mbele ya usharika, na nitauliza kila Jumapili mpaka ufungue mdomo.