Kusifu Mawe ya Wareno

Kaka yangu alinialika Ureno, anakoendesha lori, akaniambia nije tutembee tu. Mimi ni mtu wa soko la mifugo Isiolo. Mtu akikukaribisha bila sababu, unamwangalia mikono yote miwili. Siku ya pili, tukiwa ndani ya gari lake, sababu ikatoka: kuna mnunuzi anaitaka nyumba ya babu, ile anayoishi mama yetu, na kinachongojwa ni neno langu. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alikuwa amekwisha sema lake: mkikubaliana nyinyi wawili nitahama, msipokubaliana nitafia humu.

Basi nikajua hiyo si matembezi. Nilikuwa ngamia anayezungushwa mpaka achoke, ndipo apigwe bei.

Tulianza Batalha, kwenye kanisa la mtindo wa Gothiki lenye minara myembamba kama miiba ya mgunga. Upande wa nyuma kuna vyumba vya maziara ambavyo havijaezekwa hadi leo. Mvua inaingia bila hodi.

"Walikosa mabati?" nikauliza.

"Warya, wewe bwana, hiyo ni historia. Watu wanatoka Japani kuja kuona."

"Nyumba isiyo na paa? Wangekuja Kipsing, kule kwetu nyikani, ningewaonyesha mpaka waombe maji."

Hakucheka. "Yetu ina paa," akasema, "lakini ni kutu tupu. Ukipiga chafya linakushukia."

Tomar tukaona dirisha lililochongwa kamba na minyororo ya mawe, kumbukumbu ya merikebu zao. Nikamwambia merikebu hizo ndizo zilizokuja kupiga mizinga Mombasa. Wangezifunga vizuri kwa hizo kamba, tungelala. Yeye alikuwa mbali na Mombasa. Alikuwa Isiolo, kwenye madirisha yetu ya mbao, akieleza jinsi mchwa walivyoyala mpaka wakavimbiwa.

Évora kuna nguzo za Warumi. Nikahesabu kumi na nne. Nikazunguka, nikahesabu kutoka upande wa pili, kumi na nne. Kaka akasoma kwenye kibao kwamba kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa machinjio. Nusura niseme neno zuri. Nikalimeza. Ni tabia ya kazi: kwetu ukimsifu fahali wa mtu umeshajipandishia bei. Unamshika mkia, unaguna, unasema huyu anakohoa. Anayesifu ni mwenye mali.

Mértola ni mji mweupe uliokaa juu ya mto, na kanisa lake lilikuwa msikiti. Milango bado ina matao ya umbo la kwato la farasi. Nyuma ya madhabahu, ukutani, kuna mihrabu. Nilisimama mbele yake nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Waliuteka mji, wakageuza dini, kisha wakaacha mahali pa imamu pakiwa wazi, kama kiti cha mgeni ambaye wanajua harudi.

Kaka akaninong'oneza sikioni: "Umeona? Hawa wanajua kutunza. Sisi msingi wetu ni udongo, mbuzi akijikuna ukuta umekwenda. Nani mwingine atanunua takataka ile? Tumshukuru huyu mtu."

Nikahesabu maneno yake tangu Batalha. Paa, madirisha, msingi. Nikahesabu tena. Sifa, hata moja.

"Kaka, sisi ni wauzaji, sivyo?"

"Sote wawili."

"Tangu lini muuzaji akasema ng'ombe wake anakohoa?"

Bibi aliyekuwa akiuza mishumaa mlangoni akatutazama.

"Mnunuzi ni wewe," nikasema.

"Na kama ni mimi? Nitajenga lojing'i ya ghorofa nne. Hooyo nitampa chumba chini."

"Karibu na ngazi, awe anawafungulia wageni geti."

"Wewe ulikuwa na mdomo tangu utoto."

"Na wewe ulikuwa na njaa."

Hapo akavua koti, akalitandaza juu ya mkono wake wa kulia, akaninyooshea. Kwetu sokoni bei haitangazwi. Madalali huingiza mikono chini ya shuka, vidole vikasemezana, na walio kando wasijue kitu. Lakini ukishatoa mkono, umekiri kwamba mali iko sokoni. Kilichobaki ni bei tu, na kuuchomoa ni aibu. Alikuwa ameondoka Isiolo kabla hajauza hata mbuzi, ila hilo hakulisahau.

Wallahi, nilitaka kujua amekunja vidole vingapi. Nilitaka sana. Nikaiweka mikono yangu nyuma na kuikamatanisha, isije ikanisaliti.

"Toa mkono, warya."

"Sina mnyama wa kuuza."

"Toa mkono, tuongee kama watu wa kwetu!"

"Watu wa kwetu hawamnunui mama yao."

Koti lilikaa hewani, mbele ya mihrabu. Akalivaa, ingawa jua la nje lilikuwa kali, akatoka. Njia nzima ya kurudi hatukuzungumza. Hatujazungumza hata sasa.

Niliporudi Isiolo nilimkuta hooyo akichagua mchele uani. Hakuuliza habari za makanisa.

"Mmekubaliana?"

"La."

Akapepeta mchele mara moja, akauweka chini. "Basi njoo unisaidie kuhamisha kitanda. Chumba cha mbele kina upepo, na mimi siendi popote."