Mwaka Nilioolewa Tena

Wanangu huja Mlola kila mwisho wa mwaka. Mkubwa, wa kiume, hutoka Tanga na mkewe na watoto. Binti yangu hutoka Arusha peke yake, amebeba mikate ya dukani kana kwamba huku hatuna unga. Yeye ndiye aliyetuletea desturi ya ofisini kwao: asubuhi ya mwaka mpya, baada ya chai, kila mtu aseme atabadilisha nini. Mwanangu huahidi kuacha soda, miaka mingi sasa. Mkewe huahidi kufuga kuku. Ikifika zamu yangu, nasemewa. "Bibi mwaka huu atapumzika," husema mmoja wao, wengine huitikia, na vikombe vinaondolewa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane wa siku nyingi. Kabla hawajanisemea, nikasema, "Mimi mwaka huu naolewa."

Mkwe wangu alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona uso wa mumewe, akaanza kukusanya vikombe.

"Unaolewa na nani, Mama?" binti akauliza.

Nikamwambia: jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Wote walimjua. Alikuja milimani huku akiwa kijana, kutoka Kigoma, kuchuma chai. Baadaye akahamishiwa kiwandani, na alipostaafu akanunua shamba dogo linalopakana na letu. Mkewe alifariki muda mfupi baada ya hapo. Mfereji wa maji ni mmoja, kwa hiyo tulikuwa tukikutana pale kupeana zamu ya kumwagilia, yeye kabichi zake, mimi karoti zangu. Kishambaa chake mpaka leo kinachekesha, ndiyo maana mimi naye tunazungumza Kiswahili, lugha ambayo nyumbani kwangu niliizoea kwa wageni tu.

Miezi michache nyuma alikuwa ameniambia palepale mferejini, huku akiziba maji kwa jembe, "Mama, wewe uko peke yako na mimi niko peke yangu. Naona tungekaa pamoja, kama huoni vibaya." Aliniita mama kama kila mtu anavyoniita. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Nilifikiri mpaka karoti zikang'olewa zote, na sikupata sababu ya kukataa, isipokuwa kwamba jambo la namna hiyo halikuwahi kunijia akilini.

"Watu watasemaje?" binti aliuliza.

"Watasema nimeolewa."

 Mwanangu alitoka akaenda kumtazama ng'ombe, ambaye hakuwa na tatizo lolote. Nilimfuata, nikamkuta ameegemea banda.

"Nyumba ya Baba itakuwaje?" akaniuliza.

"Ni yenu. Na shamba ni lenu. Mimi navuka mfereji tu."

"Kuna kitu tumekukosesha?"

"Hapana. Mnanitunza vizuri. Lakini mkiondoka, mmeondoka."

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Walikuwa wakae siku kadhaa zaidi. Asubuhi iliyofuata alifunga mizigo, akasema ana kazi Tanga, wakapanda gari la kwanza la kushuka Mombo.

Ndoa ilifungwa mwezi wa pili, nyumbani, bila shamrashamra. Mdogo wangu wa kiume alisimama kuwa walii wangu. Mahari nilitaja blanketi zito, kwa sababu upande ule wa mfereji jua huchelewa kufika. Bwana harusi akaleta mawili kutoka Lushoto. Binti alikuja. Mwanangu pia alikuja, akakaa kwenye mkeka hadi mwisho, akala pilau, na wakati wa kuagana alimpa mume wangu mkono akasema, "Haya, mzee." Shikamoo hakumpa. Huku kwetu mtoto mdogo akisahau shikamoo mzazi wake huona aibu, na mwanangu ameanza kuota mvi. Kila aliyekuwepo alisikia. Mume wangu akamjibu, "Safari njema," kwa sauti yake ya kila siku.

Kilichonishinda mwanzoni hakikuwa hilo, kilikuwa jiko. Mume wangu alikuwa amejipikia miaka yote ile na hakuona sababu ya kuacha. Nilikuwa nikiamka namkuta ameshawasha moto na uji uko tayari. Mimi nimepika tangu usichana wangu. Kuketi na kuwekewa sahani kulinichosha kuliko kulima. Nilijikuta naosha vyombo visivyo vichafu. Siku moja nikamwambia aniachie jiko.

"Pika ukitaka," alisema. "Lakini dagaa wangu usiwaguse. Unawaunguza."

Ilikuwa kweli. Nikakaa. Sasa naweza kunywa chai yote kikombe kikaisha bila kuinuka.

Wakati wa masika upepo uliezua mabati kwenye nyumba ya zamani. Mwanangu akapanda kutoka Tanga kuja kutengeneza. Alifika mchana, na nyuma yake mawe yakaporomoka kwenye barabara ya Mombo, magari yakasimama. Ile nyumba ilikuwa imelowa hadi vitandani. Nilimwambia aje alale kwetu. Alisitasita mlangoni pa nyumba ya baba yake, mvua ikimnyea, kisha akanifuata.

Mume wangu alipika ugali na dagaa. Chakula kilipokuwa tayari akachukua jagi la maji na beseni ili amnawishe mgeni, kama anavyofanya kwa kila mgeni. Mwanangu alitazama yale maji yanamjia, akainuka haraka.

"Lete, mzee," alisema, akalichukua jagi. Akamnawisha mume wangu kwanza. Wakala. Mwanangu aliongeza dagaa.

Asubuhi nilikuwa nje nakamua ng'ombe, ambaye nilihama naye, nikasikia mlango unafunguliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Umelalaje?"

Sikugeuka. Niliendelea kukamua. Baadaye walikwenda dukani kutafuta misumari, wakashinda juu ya lile paa pamoja, mmoja anapigilia, mwingine anashika bati.

Mwanangu hamwiti mume wangu baba, na mimi sijamwomba. Siku hizi akipiga simu huanza na mzee. Huzungumza bei ya kabichi sokoni Lushoto na hali ya barabara kwa muda mrefu, na simu ikinifikia mimi, salio lake huwa karibu kwisha.